Uji wa Salma

Kijiko kilianguka sakafuni, kikalia mara moja, kikanyamaza.

Mwanahawa aliisikia sauti hiyo akiwa jikoni, mtoto mchanga wa mdogo wake amembeba mgongoni, mvuke wa sufuria umemjaa usoni. Ilikuwa Julai, mwezi ambao kule Lukozi ukungu hupanda kutoka bondeni tangu alfajiri na kukaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Alisikiliza. Kijiko hakikuokotwa. Akasema moyoni, Shamsa kasinzia, akatabasamu, maana mzazi akipitiwa na usingizi baada ya uji ni dalili kwamba tumbo limetulia. Na mzazi aliyesinzia haamshwi. Hivyo ndivyo mama yao alivyowafunza. Akanyata hadi mlango wa chumba, hakuufungua. Aliinama, akalisukuma tambara chini ya mlango penye mwanya, upepo usije ukampiga mdogo wake. Kisha akarudi jikoni.

Alipokuja kuufungua, mchana ulikuwa umegeuka. Chumba kilikuwa na joto zuri. Jiko la mkaa lilikuwa limeiva, jekundu, halitoi hata uzi wa moshi. Shamsa alikuwa amelala ubavu, mkono unaning'inia nje ya kitanda, na chini ya mkono kile kijiko. Bakuli la uji lilikuwa limebaki nusu.

Ni miaka ishirini na kitu sasa. Mtoto aliyekuwa mgongoni siku ile ni Nasra, na Nasra amekwisha olewa. Lakini Mwanahawa akiwa peke yake, akiosha vyombo, kijiko kikimponyoka huwa anasimama. Husubiri kidogo, kama mtu anayengoja kuitwa.

Uji ule haukupikwa na Mwanahawa. Ulipikwa na Salma, dada wa Hashimu mume wa Shamsa, wifi yake Shamsa, na tangu ndoa ile wifi wa Mwanahawa pia, kwa jinsi familia mbili zinavyoitana zikizoeana. Uji wa mzazi kwa desturi huletwa na wifi. Salma aliuleta asubuhi, wa mahindi laini, na pilipili manga na maziwa, akaupokeza mlangoni, akaenda zake shambani.

Wanawake waliouosha mwili wa Shamsa walitoka wakinong'ona. Midomo haikupauka, walisema. Ilikuwa na wekundu, kama ya mtu aliyetoka kucheka. Nani amewahi kuona maiti ya namna hiyo? Mmoja akauliza marehemu alikula nini mwisho.

"Uji," Mwanahawa alijibu.

"Uji wa nani?"

"Wa Salma."

Hakusema zaidi. Hakumtaja mtu kwa ubaya, hakunyoosha kidole. Lakini jibu lile lilitoka chumbani, likapita uani, likavuka ua wa miti ya miwati hadi kwa jirani yao Jenoveva, ambaye hana ubaya na mtu ila hajui kulala na neno tumboni. Kufikia siku ya hitima, Lukozi nzima ilikuwa na neno lake juu ya uji ule.

Salma hakupelekwa kwenye baraza wala polisi. Hakuna aliyemshtaki, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwachia. Watu waliacha tu kula kwake. Msibani, wanawake wenzake wakimenya viazi na kuchambua mchele, yeye hutumwa kuni. Harusini hutumwa maji. Sokoni wananunua kwake kabichi na karoti, na karoti zake ni nzuri kweli, lakini chochote kilichopita kwenye moto wake hakuna mdomo uliokigusa. Kaka yake Hashimu alihamia Korogwe, akafia huko bila kumsalimu tena. Nasra naye alikua akijua ana shangazi ng'ambo ya barabara, na kwamba kwa shangazi hakunywewi maji.

Mwanahawa, yeye, uchungu ulimfanya mwangalizi wa wazazi. Alianza kwa jirani, akaitwa kwa mwingine, mwisho akawa mtu wa kuitwa hadi Mlola na vijiji vya juu yake. Binti akijifungua, Bi Mwanahawa hufika na kapu lake: kitambaa cha kumfunga tumbo, mafuta ya kumkanda, na jiko lake mwenyewe la udongo lililovikwa bati. Kwa jiko hana mchezo. Huliwasha uani, hulipepea, hungoja mpaka kila kaa liive na moshi uishe kabisa, ndipo huliingiza chumbani. Moshi ndio mbaya, husema. Kaa lililoiva ni safi kama jua. Kisha huziba dirisha kwa blanketi, akalaza tambara chini ya mlango. Mdogo wake alikufa, aliamini, kwa mkono wa mtu. Wazazi wa wengine hawatakufa kwa baridi akiwapo yeye.

Wapo waliopatwa na kizunguzungu, wapo waliotapika. Hayo aliyaita uchovu wa uzazi, akawapa chai ya tangawizi. Baridi ikizidi aliongeza mkaa.

Ndipo zamu ikafika ya Nasra. Kwa kuwa ni uzazi wake wa kwanza, alirudi kujifungulia kwao, ndiyo kusema kwa Mwanahawa, anayemwita mama. Alijifungua mtoto wa kike hospitalini, na mumewe Twaha akawaleta nyumbani kwa gari la kuazima, akiendesha polepole kana kwamba amebeba mayai ya watu. Ilikuwa Julai tena. Ukungu ulikuwa mlangoni. Mwanahawa aliuona, akaupita bila kuutazama, akaenda kuwasha jiko.

Siku chache baadaye akaja mgeni, binti mrefu mwenye miwani na koti la mvua, anaitwa Loveness. Ni mtu wa Vuga, kwao Walutheri, amesoma kemia chuo kikuu na sasa anafanya utafiti. Nasra alikutana naye kliniki alipokuwa mjamzito, akamkaribisha mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi. Kishambaa unacho, au shule imekunyang'anya?"

"Ninacho, bibi. Kimechakaa kidogo."

"Kaa basi. Chakavu huvaliwa nyumbani."

Loveness alitoa mfukoni kisanduku cheupe, kidogo kuliko sabuni ya kufulia. Akaeleza kwamba anapita katika nyumba za wazazi wakati wa baridi, kwa sababu vyumba vyao hufungwa, na kisanduku kile kinanusa hewa.

"Kinanusa?" Jenoveva alikuwa amekwisha ingia, hata kabla ya kubisha hodi. "Pua kiko nayo wapi?"

"Hapa, mama." Loveness aliwaonyesha kitobo chenye wavu mwembamba. "Ndani kuna kipande kidogo kimepakwa unga wa oksidi ya zinki. Ule weupeweupe unaotoka kwenye bati kuukuu ni jamaa yake. Ila huu tumeutengeneza chembe zake ziwe ndogo, ndogo kabisa. Zipange upana wa unywele mmoja, zitaingia maelfu."

"Ndogo za nini?" aliuliza Mwanahawa.

Binti alifikiri kidogo. "Bibi, punje ya mahindi ukiitia majini, maji yanagusa nini?"

"Ganda."

"Ukiisaga?"

"Yanagusa unga wote." Mwanahawa alitikisa kichwa. "Haya, nimekuelewa. Hewa nayo inaugusa unga wote."

"Ndiyo hivyo. Unga huu unapashwa moto kwa waya, na umeme kidogo unapita ndani yake. Hewa ikiwa safi, oksijeni hung'ang'ania kwenye chembe, umeme ukapita kwa shida. Ikija hewa mbaya ya mkaa, inaibandua ile oksijeni, umeme unapata njia. Hapo kisanduku kinapiga kelele."

"Hewa mbaya ya mkaa ni moshi," Mwanahawa alisema. "Na chumbani kwangu moshi hauingii. Kining'inize popote unapotaka."

Alisema hivyo kwa fahari, na hakukosea neno hata moja kwa kadiri ya alivyojua. Alikwenda uani, akachukua jiko lililokuwa limeiva vizuri, akalileta kwa mikono miwili iliyofungwa kitambaa, akaliweka mahali pake karibu na miguu ya kitanda. Nasra alikuwa ameketi, mtoto kifuani. Loveness alitundika kisanduku kwenye msumari wa ukutani, usawa wa mto. Mlango ukafungwa. Wanawake wakazungumza habari za bei ya mbolea.

Mkaa ulikuwa kimya, na hewa ilikuwa tamu kwa joto. Kisanduku kikalia.

Kililia kwa sauti kali, ya mfululizo, mtoto akashtuka. Jenoveva alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyo ni mama mkwe! Hata hajakaribishwa chai kaanza kulalamika!"

"Kizime hicho," alisema Mwanahawa. "Kinamwamsha mtoto."

"Nikizime sawa, bibi. Lakini kwanza tutoe jiko."

Walilitoa, wakafungua dirisha. Kisanduku kikanyamaza baada ya muda. Mwanahawa, mdomo umekaza, alichagua mwenyewe makaa mengine, yaliyoiva kupita ya kwanza, akayapuliza majivu, akalirudisha jiko na kufunga kila kitu. Akasimama mbele ya kisanduku, mikono kiunoni, kama anayemngoja mtoto mkaidi. Kikalia.

"Kimeharibika."

"Bibi, unanusa nini humu?"

Mwanahawa alivuta hewa, taratibu, akafumba macho. "Sinusi kitu."

"Mimi nami sinusi kitu," alisema Loveness. "Hakuna anayeinusa. Inaitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haimkeri mtu kooni. Kaa jekundu lisilo na moshi linaitoa vilevile. Moshi walau hukukohoza, ukatoka nje."

Jenoveva hakucheka tena. Nasra alikuwa amekwisha shuka kitandani, mtoto amemkumbatia, amesimama dirishani na kuliondoa blanketi.

Mwanahawa alibaki palepale. Alipouliza, aliuliza kama mtu anayejaribu kina cha mto kwa fimbo.

"Mtu ikimwingia, anakuwaje?"

"Kichwa kinauma. Kizunguzungu, kichefuchefu. Halafu usingizi. Nguvu zinamwisha, viungo vinalegea."

"Mikono?"

"Na mikono. Anaweza kutaka kusimama asiweze."

"Akishika kitu?"

"Kinamponyoka, bibi."

Nje kuku alikuwa akiwaita vifaranga. Mwanahawa alitazama mahali sakafuni, karibu na kitanda, ambapo hapakuwa na kitu.

"Akifa," alisema, "midomo yake?"

Loveness alimtazama, akaelewa kwamba haulizwi tena habari za kisanduku. Aliivua miwani. "Mara nyingine hubaki na wekundu. Hewa ile inashikana na damu na kuiachia rangi. Bibi, kama kuna mtu unayemfikiria, mimi siwezi kuapa. Sikuwepo."

"Mimi nilikuwepo," alisema Mwanahawa.

Akalinyanyua jiko kwa mkono mmoja, safari hii bila kitambaa, likamuunguza, asiliachie mpaka alipofika uani.

Siku zilizofuata Nasra alipashwa joto kwa chupa za maji ya moto zilizofungwa kanga, dirisha likiwa wazi kiasi cha ngumi, na Twaha akaleta blanketi zito kutoka Lushoto mjini. Mambo yakaenda. Binti wa kwanza kumwita Mwanahawa baada ya hapo aliambiwa jiko litakaa nje, na mama yake akanung'unika kwamba Bi Mwanahawa amekuwa mzembe. Mwanahawa akajaza chupa.

Lakini hakula vizuri. Mkono ulioungua aliupaka asali, na kila alipoukunja alikumbuka. Alihesabu moyoni mwake watu wanaojua. Loveness hakuambiwa jina la mtu. Jenoveva alisikia yote, lakini kwa mara ya kwanza maishani hakupeleka neno popote, labda kwa kuwa neno hilo lingemrudia. Shamsa yuko makaburini, Hashimu amezikwa Korogwe. Hakuna atakayekuja kuuliza. Angeweza kulibeba hilo mpaka mwisho wake, kama wengi wanavyobeba, na Lukozi ingeendelea kununua karoti mbichi za Salma.

Na tena, kulikuwa na lile lingine, ambalo alilikwepa kila lilipomjia. Aliyeliingiza jiko siku ile ni yeye. Aliyelaza tambara chini ya mlango ni yeye.

Nasra ndiye aliyelianzisha, akimnyonyesha mtoto, bila kuinua uso.

"Mama. Shangazi anajua?"

Mwanahawa aliendelea kukunja nepi.

"Nimezaa, na shangazi yangu mwenyewe hajaniletea uji," alisema Nasra. "Sikuwahi kuona vibaya. Sasa naona vibaya."

"Na mimi unanionaje?"

Nasra alimhamishia mtoto ziwa la pili. "Nakuona ulinibeba mgongoni," alisema. "Kama si hivyo, ningekuwa mle ndani nami."

Kesho yake, watu wakirudi kutoka sokoni, Mwanahawa alijifunga kanga yake nzuri, akavuka barabara.

Nyumba ya Salma iko ukingoni kabisa mwa njia, kila apitaye na mzigo anaiona. Salma alikuwa kibarazani anaosha karoti ndani ya beseni, mikono myekundu kwa maji baridi. Ni mwanamke mkubwa wa mwili, aliyezoea kukaa peke yake kiasi kwamba hakuinuka.

"Onga mshi, wifi."

Salma alimtazama kwanza. "Umepotea njia, Mwanahawa? Karoti nauzia sokoni."

"Sikufuata karoti."

"Basi kuna msiba. Kuni ziko nyuma ya nyumba, wakituma mtu atazikuta."

"Hakuna msiba. Naomba kukaa."

Salma alilisogeza beseni kwa mguu. Mwanahawa aliketi kwenye ukingo wa kibaraza.

"Lilikuwa jiko," alisema. "Lililomuua Shamsa. Kaa la moto ndani ya chumba kilichofungwa lina hewa isiyonuka. Kuna binti kaja na chombo cha kuinusa, nimeona kwa macho yangu. Kijiko kilimponyoka kwa sababu ya hewa hiyo. Jiko nililiingiza mimi, mlango nikauziba mimi. Wewe hukuhusika na lolote, Salma."

Karoti zilikoma kusuguliwa. Maji yalidondoka kutoka kwenye vidole vya Salma na kurudi ndani ya beseni.

"Mimi nilijua sikuhusika," alisema. "Ulifikiri nangoja chombo kiniambie?"

"Hapana."

"Kaka yangu kafa hanisalimu. Kaniambia kwa mdomo wa mtu nisifike kaburini kwake. Mtoto wa Shamsa nimemwona akikua hapo ng'ambo, mfupi, mrefu, kaolewa, na mimi napiga deki nyumba isiyoingia mtu. Na wewe, Mwanahawa, kila siku ulinisalimu. Kwa adabu. Kutoka barabarani." Sauti yake haikupanda. "Ungenitukana ningejua pa kushika."

"Ungenijibu."

"Ningekujibu, wallahi. Ningekujibu ukajuta."

"Nijibu sasa."

Salma aliitazama karoti mkononi mwake kana kwamba hajui imefikaje pale. "Sasa nimechoka," alisema. "Umechelewa hata ugomvi."

Kutoka ndani kulikuja harufu ya kitu kinachochemka polepole, mahindi na pilipili manga. Anapika mwenyewe, anakula mwenyewe. Mwanahawa aliivuta harufu hiyo, na pua yake, iliyoshindwa siku ile chumbani, iliitambua mara moja.

"Kuna uji kwako?"

"Upo. Wa kwangu."

"Nigawie."

Salma aligeuka kumtazama vizuri, kwa mara ya kwanza. Barabarani wanawake walikuwa wakipita na matenga matupu kichwani, wawili, watatu, wakipunguza mwendo.

"Watu wanaona," alisema Salma.

"Ndiyo."

Salma aliinuka kwa kushika goti. Alikaa ndani muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu kupakua uji. Alipotoka alikuwa na bakuli la bati na kijiko ndani yake, amelishika kwa uangalifu wa mtu ambaye hajampa mtu chakula tangu akiwa kijana. Mwanahawa alilipokea kwa mikono miwili, ule mzima na ule ulioungua. Hakuhamia ndani. Alikaa palepale ukingoni, uso barabarani, akakoroga.

Jenoveva alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakipita. Alisimama katikati ya njia, tenga kichwani.

"Jenoveva," Mwanahawa aliita, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. "Karibu uji kwa wifi yangu."

Wenzake wote walisimama. Jenoveva aliliteremsha tenga, akaliweka chini pembeni mwa barabara, lakini hakusogea. Alishika mdomo.

Mwanahawa alikunywa kijiko cha kwanza, na cha pili, bila haraka. Uji ulikuwa wa moto, laini, umezidi pilipili kidogo, kama wa mtu aliyezoea kujipikia mwenyewe. Alikunywa kila tone, akakwangua pembeni. Salma alibaki amesimama nyuma yake, mikono imefungwa ndani ya kanga, hatazami barabarani, anatazama bakuli.

Lilipokwisha, Mwanahawa alikilaza kijiko ndani ya bakuli, polepole, kisilie. Akageuza shingo kidogo, kiasi cha kusikiwa na mmoja tu.

"Ulikuwa uji tu, wifi," alisema.